Rili ya Sita

Ambakisye alinifunza kwanza kuangalia kona,
kona ya juu, mkono wa kulia:
kidoa kikiwaka mara moja, jiandae;
kikiwaka mara ya pili, achia.
Mashine ya kushoto inawaka, ya kulia inazimika,
na watu kwenye mabenchi, shilingi moja moja,
hawajui hadithi imehama bega
kama mkungu wa ndizi njia ya Tukuyu.
"Wakigundua," alisema, "tumewaibia."

Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Kila picha niliitazama mara tisa,
na kuanzia mara ya nne macho huacha kulia, huanza kuhesabu.
Nikaona usiku wa kule una vivuli:
mtu anatoroka saa nane, mji umelala,
na kivuli chake kifupi, cheusi, cha adhuhuri,
kimemganda miguuni.
Jua lilivikwa kioo cha bluu, likaambiwa: wewe ni mwezi.
Nikaona gari linakimbia bila kwenda,
dereva anazungusha usukani kulia, kushoto, kulia,
na barabara nyuma yake imenyooka kama uzi wa fundi.
Nikaona bibie akisogelewa:
lenzi imepakwa mafuta, uso umekuwa maziwa,
taa moja mbele, moja ubavuni ya kufuta makunyanzi,
moja kisogoni, mpaka nywele zinawaka ukingoni
kama Loleza jua likiwa bado ng'ambo.
Chozi lake lilikaa shavuni, halidondoki, linasubiri kamera.
Mwaka ule mama alifiwa. Machozi ya mama yalikuwa na haraka.

Mwezi wa nne barabara ilikatika Igawa.
Basi likaleta makopo matano.
Ilikuwa Jumamosi, ukumbi umejaa, mvua juu ya mabati
inawanyang'anya waigizaji maneno.
Rili ya tano ikaisha hivi:
mwanamke mlangoni, mkono kwenye kitasa,
muziki unapanda, unapanda,

halafu weupe.

Miluzi. Kiatu kikarushwa.
Ambakisye akashuka ngazi, mikono ina masizi ya kaboni,
akasimama ndani ya ule mwanga, kivuli chake kikubwa kuliko yeye.
"Anafungua," akasema.
"Sasa tumsogelee. Karibu zaidi. Zioneni kope.
Haoni mtu, anaona kiti.
Giza kidogo."
Akafumba macho, na sisi tukafumba.
"Miaka miwili imepita."
Hakuna aliyeuliza imepitia wapi.
Akamshusha yule mwanamke Mbalizi, na gunia la mkaa,
akamtembeza kwenye tope, viatu mkononi,
na mvua ilipopungua juu ya bati
Ambakisye akapunguza sauti nayo, kama vile ndiye aliyeiamuru,
hadi tukasikia mlango wa pili ukigongwa,
na mtu ndani akisema: nani?

"Mwisho," akasema. Akapanda kwenda kuzima mashine.
Hakuna aliyedai shilingi yake.

Ijumaa rili ya sita ikafika, kopo lina matope.
Tukaionyesha. Busu, bustani, vinanda themanini.
Mama Tupokigwe akasimama mstari wa tatu,
mtandio umekaa upande:
"Hawa wamekosea. Yule alishuka Mbalizi.
Mimi nilimwona."

Giza kidogo.

Ukumbi ule sasa ni ghala la mbolea.
Pale palipokuwa turubai pana mraba mweupe ukutani,
panya huupita mbio, kama rili iliyochanika.
Tulimzika Ambakisye Rungwe, kwa baba zake,
na hapo hapakuwa na kukata:
nilienda hatua kwa hatua, tope la kweli,
gari la kweli likanasa, tukalisukuma,
na usiku ulipoingia haukuwa na kivuli hata kimoja.

Asubuhi yake, wakati wa dongo la mwisho,
nilijikuta naitazama mbingu,
kona ya juu, mkono wa kulia.
Mwewe akapita, mara moja.

Nikajiandaa.